Jedwali lisilo na kichwa: kutoka Kabambare ya 1870 hadi kompyuta zetu za Kasongo

 Kila mara tunapoandika historia ya kwetu, tunaandika juu ya Tippu Tip, juu ya vita vya Waarabu na Wabelgiji, juu ya Kasongo ilivyotekwa mwaka 1893. Leo ninaomba ruhusa niandike historia ya kitu kidogo: jedwali, ile tunaita tablo, hasa jedwali refu linaloanza ukurasa wa kwanza na kuisha ukurasa wa saba. Najua wengine mtacheka. Someni kwanza kilichonipata.

Mimi nilisoma historia, lakini kazi inayonilisha ni kupiga mashine. Niko na meza ndani ya sekretaria moja hapa Kasongo: kompyuta moja, mashine ya kuchapa, na jenereta inayokunywa mafuta kuliko faida. Siku moja shirika fulani lilinipa kazi ya kupanga orodha ya wamama wa vijiji kadhaa vya teritwari ya Kabambare. Safu zilikuwa tano: namba, jina, kijiji, watoto walio hai, watoto waliofariki. Majina yalipita mia mbili. Niliyapanga vizuri, nikachora mistari, nikaweka vichwa vya safu juu ya ukurasa wa kwanza kwa herufi nzito. Kurasa sita zilizobaki niliziacha na majina na namba tu. Mafuta yalikuwa yanaisha, nikachapa, nikafurahi.

Orodha ikapanda pikipiki, na mimi nikaenda nayo kama msaidizi. Mvua ya njiani mnaijua. Tulipofika, ukurasa wa kwanza ulibaki kwa chifu ukikauka, wengine tukaendelea na kurasa zilizobaki. Kijana aliyekuwa anasoma alizoea orodha ya mwaka uliotangulia, ambayo ilikuwa inatanguliza waliofariki. Kwenye ukurasa wa nne akafika kwa mama mmoja. Namba zake zilikuwa tano, kiisha moja. Akasoma kwa sauti mbele ya watu: "Waliofariki watano, aliye hai mmoja."

Yule mama akasimama. "Watoto wangu tano wako wazima, ona wale kule. Ni mmoja tu alikufa, surua ilimchukua. Nani amewaua hawa wengine mu karatasi yako?"

Kijana akanitazama. Watu wote wakanitazama. Kosa halikuwa la kijana, wala la mvua. Lilikuwa langu mimi niliyetuma kurasa sita bila vichwa. Usiku ule, nikiwa nimelala kwa mwenyeji, nikaanza kujiuliza kama mtu wa historia: watu waliotutangulia katika nchi hii walikuwa wanafanyaje na karatasi zao?

KARATASI NI SHIDA YA ZAMANI KWETU

Kabambare iko ndani ya historia ya maandishi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Dkt. David Livingstone alikaa pale, yeye aliandika "Bambarre", kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871. Vidonda vya miguu vilimfunga. Karatasi zikamwishia, lakini hakuacha kuandika: alitumia kurasa za vitabu, bahasha, ramani, kila kipande chenye fasi nyeupe. Alipofika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, mwaka 1871, alikuwa anaandika juu ya gazeti la kizamani la London, The Standard la mwaka 1869, kwa wino uliotokana na rangi ya kutia nguo. Ili maandishi yake yasichanganyike na yale ya gazeti, aligeuza karatasi na kuandika kwa kukata mistari iliyochapwa.

Ndani ya karatasi zile aliandika mauaji ya soko la Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871. Lakini wino ulififia, na kwa miaka mingi maneno mengi hayakusomeka. Ni mwaka 2011 tu ambapo wataalamu, kwa kupiga picha za mianga ya aina mbalimbali, walitoa maandishi yale hadharani yakisomeka.

Ninalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, kugeuza ukurasa ulale ubavu ni dawa ya zamani ya kukosa nafasi, na sisi hadi leo tunaifanya wakati safu zinapokuwa nyingi. Pili, karatasi inamwacha mwandishi wake. Itasomwa na mtu ambaye hakuwepo, mahali ambapo mwandishi hayuko ili afafanue.

Kiisha wakaja Wabelgiji na vitabu vyao vya kuandikia watu na kodi. Mliowahi kufungua daftari la zamani la ofisi ao la parokia mnajua lilivyo. Vichwa vya safu vimechapwa juu ya kila ukurasa, si ule wa kwanza peke yake. Mara nyingi mstari wa mtu mmoja unaanza ukurasa wa kushoto na kumalizikia wa kulia, kwa hiyo namba inaandikwa pande zote mbili, jicho lisipotee linaporuka katikati ya kitabu. Chini ya ukurasa wa hesabu kuna jumla, na juu ya ukurasa unaofuata jumla ileile inarudiwa kabla ya kuendelea. Hakuna aliyesifiwa kwa akili hiyo. Mchapaji alikuwa na umbo moja la ukurasa, akalipiga mara mia tatu, na kichwa kikatoka mara mia tatu. Serikali iliyodai kodi ya kichwa haikusahau kichwa cha daftari.

JEDWALI LA KASONGO LILILOZUNGUKA DUNIA

Yule mama wa Kabambare alisema neno moja: surua. Neno hilo lilinikumbusha jedwali la kwetu ambalo dunia nzima ililijadili, na vijana wengi wa Kasongo hawalijui.

Mwaka 1971, Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, pamoja na watu wa hapa, ilianza kazi iliyokuja kuitwa Mradi wa Kasongo. Kati ya waliouongoza kimawazo walikuwa madaktari Harrie Van Balen na Pierre Mercenier. Baadaye daktari Mkongomani Pangu Kaza Asila aliandika tasnifu yake juu ya namna vituo vya afya vilivyopangwa na kuanzishwa katika zoni ya Kasongo. Wazo lilikuwa jepesi kulitaja na gumu kulitenda: kituo cha afya kiwe karibu na watu, muuguzi awajue watu wake, na hospitali imsaidie badala ya kumnyang'anya kazi. Hayo yalianza kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 uliotangaza huduma za afya za msingi kwa dunia yote. Miaka ya 1980, Zaïre ilipogawanywa katika zoni za afya 306, uzoefu wa Kasongo ulikuwa mmoja wa ile iliyoangaliwa.

Mwezi Aprili 1981, jarida la kitabibu The Lancet lilitoa makala ya timu ya Mradi wa Kasongo. Swali lilikuwa hili: chanjo ya surua inaongeza kweli maisha ya watoto? Walilinganisha watoto wa sehemu iliyopata chanjo na wale wa sehemu ambayo haikuwa imeipata, katika umri wa miezi 7 hadi 35.

Kulinganisha kwa namna hiyo kunahitaji jedwali la uhai. Tuchukue mfano wangu mwenyewe. Mwanzo wa mwezi kuna watoto 100. Mwezi huo wanafariki 2. Mstari unaofuata hauanzi na 100, unaanza na 98. Kila mstari unazaliwa na mstari ulio juu yake. Na safu mbili zilizo jirani ni zilezile zilizoniaibisha Kabambare: walio hai, na waliofariki. Mtu akizigeuza, kijiji kizima kinakufa kwenye karatasi, ao kinafufuka.

Matokeo yalileta mabishano. Watoto waliochanjwa walivuka vizuri zaidi miezi ya hatari ya surua, lakini baada ya hapo tofauti kati yao na wengine ilionekana kupungua. Wako waliosoma hivi: chanjo inaahirisha kifo tu, mtoto dhaifu aliyeokoka surua atachukuliwa na ugonjwa mwingine. Peter Aaby, mtafiti Mdenmark aliyefanya kazi miaka mingi Guinea-Bissau, alipinga maelezo hayo, na takwimu zake zilionyesha kwamba watoto waliochanjwa wanaendelea kuishi zaidi. Ona sasa: watoto wa Kasongo, kila mmoja mstari wake, na madaktari wa mabara mengine wakibishana juu ya namna ya kusoma mistari ile. Kama mistari isingekuwa safi, hata ubishi wenyewe usingewezekana.

KOMPYUTA ILISAHAU KILE DAFTARI LILIJUA

Mashine ya kuandikia ya zamani ilikuwa na vituo vya safu. Mpiga mashine anabonyeza, kigari kinaruka hadi safu inayofuata. Karatasi ikijaa, anaingiza nyingine, na kwa sababu ni mkono wake unaofanya kazi, anapiga vichwa upya. Ilikuwa inachosha, lakini kila karatasi ilikuwa inajitegemea.

Mwaka 1985 mambo yaligeuka. Kampuni ya Aldus ilitoa programu ya PageMaker, Apple ikatoa mashine ya kuchapa ya LaserWriter, na mwanzilishi wa Aldus, Paul Brainerd, akaipa kazi hiyo jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita uchapaji wa mezani. Mtu mmoja na meza moja, anafanya kazi ya kiwanda. Ilikuwa maendeleo makubwa. Lakini programu zile zilifikiri ukurasa kama meza ya kubandikia picha: hapa fremu ya maneno, pale fremu ya picha. Jedwali nalo lilichukuliwa kama picha. Kwa PageMaker lilitengenezwa katika programu ndogo ya pembeni, kiisha linaletwa na kubandikwa. Picha haijui kuvuka ukurasa. Jedwali likiwa refu, unalikata kwa mkono na kubandika vipande, na vichwa unarudia mwenyewe kama utakumbuka.

Adobe iliinunua Aldus mwaka 1994, na mwaka 1999 ikatoa InDesign. Toleo la kwanza halikuwa na chombo cha majedwali. Kilikuja na toleo la 2.0, mwaka 2002, na hapo jedwali likaanza kutiririka ndani ya maandishi, kutoka fremu hadi fremu. Vichwa vinavyojirudia vyenyewe vilifuata katika toleo la 2003. Hesabuni wenyewe: kutoka 1985 hadi 2003 ni miaka 18, programu za uchapaji zikitafuta kile daftari la parokia lilikuwa nacho juu ya kila ukurasa. Wenye programu za maandishi marefu walitangulia. Word yenyewe inaweza kurudia mstari wa kichwa tangu miaka ya 1990.

Tofauti yote iko hapa. Kuna programu ambamo jedwali ni kitu kilichobandikwa juu ya ukurasa, na kuna programu ambamo jedwali ni sehemu ya mkondo wa maandishi. Microsoft Publisher, ambayo ndiyo niliyotumia siku ile, ni ya aina ya kwanza: jedwali lake halivuki ukurasa, unatengeneza jingine ukurasa unaofuata. Ndiyo maana kurasa zangu sita zilikosa vichwa. Programu haikuvipoteza, mimi sikuviandika.

NAMNA NINAVYOFANYA SASA

Sitaki mtu mwingine wa kwetu asimamishwe mbele ya kijiji kama mimi. Kwa hiyo ninaandika hapa kile nilichojifunza.

Kwanza, orodha ndefu iende katika programu ambayo jedwali lake linatiririka. Kwa Word, weka alama kwenye mstari wa kwanza, fungua sifa za jedwali, amuru mstari huo urudiwe kama kichwa. Lakini angalia: ukikata ukurasa kwa nguvu katikati ya jedwali, ao ukiliacha jedwali lizungukwe na maandishi, amri hiyo haitafanya kazi. Liache likatike lenyewe.

Pili, mkataze mtu mmoja kugawanyika. Palepale kwenye sifa kuna ruhusa ya mstari kukatika kati ya kurasa mbili. Iondoe. La sivyo jina la mama litabaki chini ya ukurasa wa tatu, na kijiji chake kitaonekana juu ya ukurasa wa nne kama hakina mwenyewe.

Tatu, kwa wale wa InDesign: ukiona alama nyekundu ya kujumlisha kwenye pembe ya chini ya fremu, usichape. Maana yake kuna mistari iliyozidi, imefichwa, haitatoka kwenye karatasi. Kitone chekundu ndani ya kisanduku kinasema hivyohivyo kwa maneno ya kisanduku kile. Majina hayakufutwa, yamo ndani ya mashine, lakini mtu wa kijijini atasoma karatasi na kukuta hayupo. Kwake hakuna tofauti.

Nne, weka namba kwenye kila mstari, na chini ya kila ukurasa andika huu ni wa ngapi kati ya ngapi. "4" peke yake haitoshi. "4 kati ya 7" inamwambia msomaji kwamba kuna kurasa anazodaiwa. Kama kuna hesabu, fanya kama makarani wa zamani: jumla chini ya ukurasa, na jumla hiyohiyo juu ya unaofuata.

Tano, na hii haimo katika programu yoyote. Ukimaliza kuchapa, changanya kurasa kama karata, chomoa moja, umpe mtu ambaye hakuona kazi hiyo. Muulize: namba hii ni ya nini? Akijibu bila kukuuliza swali, peleka. Akisita, rudi kwenye mashine, hata kama mafuta yanaisha.

Wako wenzetu watakaosema kwamba siku hizi mambo yako ndani ya simu, karatasi zinakufa. Labda Kinshasa. Kwetu, kutoka Kasongo kwenda Kabambare, hadi Salamabila, orodha bado inasafiri ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya koti la mwendesha pikipiki. Orodha ya wanafunzi, ya wapiga kura, ya chanjo, ya waliokimbia vita. Sensa ya mwisho ya watu wote katika nchi yetu ilifanywa mwaka 1984. Mahali ambapo serikali haijahesabu watu kwa zaidi ya miaka 40, orodha hizi ndogo ndizo hesabu tuliyo nayo. Mtu asiposomeka humo, hana fasi nyingine ya kusomeka.

Nilirudi Kabambare baada ya majuma mawili, na gharama nilibeba mwenyewe. Orodha mpya ilikuwa na kurasa nane badala ya saba, sababu vichwa vinakula nafasi. Nilimtafuta yule mama, nikamwonyesha. Hajui kusoma, lakini alitaka nimwekee kidole chake mwenyewe kwenye kila neno. Jina. Kijiji. Watoto walio hai: tano. Hapo akaangalia nje walikokuwa wanacheza, kama anayehakikisha. Kiisha nikakisogeza kidole chake kwenye safu ya mwisho, nikasoma: "Watoto waliofariki, mmoja."

Akaniuliza: "Jina lake hukuliandika?"

Nikamjibu kwamba jedwali halikuwa na safu ya majina ya waliofariki. Akatikisa kichwa, akanitajia jina hilo, nikaliandika kwa kalamu pembeni ya mstari wake. Fotokopi ninayo hapa mezani. Wandugu wa sekretaria za Kasongo, Kipaka, Samba na Kabambare, kama mna orodha ndefu kesho, pitieni kwangu kabla hamjachapa. Kuangalia vichwa ni bure.